Uzi Unaoonekana: Uhakiki wa Picha za Kadi za Old Judge, 1887–1890

Kadi za wachezaji wa besiboli zilizotolewa na kampuni ya Goodwin ya New York kati ya mwaka 1887 na 1890, kwa ajili ya sigara za Old Judge, hutajwa zaidi kama matangazo kuliko kama picha. Mtazamo huo una msingi. Kadi ilitiwa ndani ya pakiti ili sigara zisipondeke, ilibeba jina la bidhaa, na ilimshawishi mvutaji anunue pakiti nyingine ili apate mchezaji mwingine miongoni mwa zaidi ya 500. Hata hivyo, kila kadi ilikuwa picha halisi ya kamera, iliyosafishwa kwenye karatasi yenye ute wa yai na kubandikwa juu ya kipande cha kadibodi cha takriban sentimita 4 kwa 6.

Thamani ya kisanaa hujitokeza zaidi katika picha za studio, ambazo nyingi huhusishwa na Joseph Hall wa Brooklyn. Ilikuwa vigumu kwa kamera za wakati ule kunasa mpira unaoruka ndani ya chumba. Kwa hiyo mpira ulining'inizwa kwa uzi, naye mchezaji akatulia, mikono ameinyoosha kana kwamba anaudaka. Nyuma yake kuna pazia lililochorwa mandhari. Katika kadi kadhaa uzi unaonekana waziwazi. Kuuita uzi huo kasoro ni kuihukumu picha kwa kigezo cha picha za michezo za karne iliyofuata. Anayeonekana pale ni mwanamume anayeigiza kazi yake mwenyewe, macho yake yakikodolea kitu kisichokwenda popote, na uso wake una uzito ambao tangazo halikuuhitaji. Sigara zingeuzika hata bila uso huo.

Kupuuzwa kwa upande huu kumechangiwa na uainishaji. Katika orodha ya Jefferson Burdick, ambayo wakusanyaji wanaitumia hadi leo, kadi hizi ni N172: herufi N ni tumbaku ya Marekani ya karne ya 19, na matoleo yamepangwa chini ya kampuni zilizoyatoa. Ni mpangilio wenye manufaa, lakini unamtambua mwenye sigara na kumwacha mpiga picha. Burdick aliukabidhi mkusanyo wake kwa Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, ambako umewekwa katika idara ya michoro na chapa, si katika idara ya picha za kamera.