Anza na Anga: Namna ya Kukagua Video Iliyobanwa

Ukipewa video ukaambiwa imebanwa vizuri, usiikagulie kwenye nyasi za uwanja wa mpira wala kwenye majani ya miti. Huko kasoro hujificha, kwa kuwa penye vurugu ya michoro jicho halitofautishi kosa na nakshi. Tafuta anga la jioni, ukuta wa rangi moja, au shavu lililopigwa na mwanga hafifu. Video ya biti 8 ina ngazi 256 tu za mwanga. Ikibanwa kwa uchoyo, anga lililopaswa kufifia taratibu hukatika mikanda mikanda, na hakuna mtazamaji asiyeiona.

Halafu nenda kwenye maandishi, tuseme matokeo ya mechi pale juu ya skrini. Kodeki, yaani programu inayobana video, huikata picha vipande vya mraba na kukieleza kila kipande kwa mawimbi. Mawimbi membamba yakitupwa ili faili liwe dogo, kando ya herufi hubaki vivuli vinavyotetemeka fremu baada ya fremu. Mtetemo huo huudhi kuliko ukungu uliotulia.

Kipimo kikongwe cha PSNR hakijui lolote kati ya haya. Kinachukua tofauti ya kila pikseli na ile ya video asilia, kinaizidisha kwa yenyewe, kinatafuta wastani, na kosa likizidi alama hushuka, basi. Ongeza mwanga wa kila pikseli kwa ngazi 10 uone: PSNR itaporomoka hadi desibeli 28 hivi, alama ya video mbovu, na mtazamaji ataona picha ileile imeng'aa kidogo. Mwaka 2009 watafiti Zhou Wang na Alan Bovik walichukua picha ya Einstein, wakaiharibu kwa namna mbalimbali huku kosa la wastani likikaribiana. Yenye chenga na yenye ukungu zilichukiza. Iliyoongezwa mwanga tu haikuwa na neno.

Kwa hiyo ukiletewa kipimo, uliza kinajua nini kuhusu jicho. SSIM ya mwaka 2004 hulinganisha mwanga, ukolezi na umbo la kila eneo dogo, na hapo tayari imeiacha PSNR mbali. VMAF, iliyotolewa na Netflix mwaka 2016, huunganisha vipimo kadhaa na kufunzwa kwa alama walizotoa watazamaji wenyewe. Mimi huiamini zaidi, ila si kwa video iliyonolewa kingo au kukolezwa, maana alama hupanda hata kama picha imepotoka. Netflix wenyewe walitoa toleo lisilohesabu nyongeza hiyo.

Umbali nao ni sehemu ya kipimo. Jicho hunasa vizuri zaidi michirizi ya unene wa kati. Iliyo minene mno au myembamba mno huipita. Ukisogea, unene huo hubadilika machoni pako. Kwa video ya HD kaa mbali na skrini mara 3 ya kimo chake. Anayekagua pua ikigusa kioo ataona makosa ambayo hakuna mtu sebuleni atakayeyaona.

Na usikubali wastani peke yake. Dakika moja ya video ina fremu 1,500 kwa kasi ya 25 kwa sekunde. Sekunde 2 za uso uliovunjika vipande ni fremu 50, zinamezwa na nzuri 1,450. Dai alama za fremu mbovu kuliko zote, kisha zifungue fremu hizo uzitazame mwenyewe.