Vazi la Kupandia Honda ya Zamani

Mwezi wa saba, Tabora ina baridi ya alfajiri ambayo wageni hawaitarajii. Pita stendi saa kumi na mbili kamili uwatazame madereva wa bodaboda: wengi wamevaa makoti ya mtumba kinyumenyume, mgongo wa koti umekuja kifuani, zipu imefungwa nyuma na mwenzake. Mgeni hucheka. Aliyewahi kwenda Nzega na pikipiki muda huo hacheki, kwa sababu anajua upepo hupenya kwenye zipu, haupenyi kwenye kitambaa kizima. Koti lile lilishonwa Ulaya au Korea kwa ajili ya mtu anayetembea kwa miguu kwenye theluji. Kijana wa Isevya ameligeuza likawa la kupandia pikipiki, na hakutumia hata sindano.

Ninataka kuusifu ufundi huo wa kuchagua vazi la barabarani, hasa kwa sisi tuliopenda pikipiki za zamani. Huku kwetu pikipiki ya zamani siyo Triumph wala BSA ya kwenye picha. Ni Honda CG125, ni Yamaha DT au AG100, zilizokuja na miradi, misheni na mabwana shamba, zikabaki baada ya wenyewe kustaafu. CG ilianza kuuzwa 1976. Honda walikuwa wameona jinsi watu wa nchi zenye barabara mbovu wanavyochelewa kubadilisha oili, wakarudi kwenye muundo wa kizamani wa fito za kusukuma valvu, kwa kuwa unavumilia uzembe. Injini ilivumilia kweli. Lakini breki zake ni za dramu, na taa ya zile za mwanzo, za volti 6, humulika kwa huruma. Pikipiki inayochelewa kusimama na isiyoonekana vizuri inamdai mpandaji wake nguo nzuri kuliko ile mpya ya jirani. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani mavazi ya kizamani ni mapambo tu ya kuendana na tangi la mafuta.

Tabora haikuanza leo kufikiri juu ya nguo za safari. Wapelelezi wa Kizungu, Burton na Speke, walipofika Kazeh, yaani Tabora hii, Novemba 1857, walikuwa wametembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani, na mizigo mikubwa ya msafara wao ilikuwa nguo: merikani, kaniki, na vitambaa vya rangi vya kulipia hongo njiani. Aliyebeba majora hayo, mpagazi wa Kinyamwezi, yeye mwenyewe alivaa kidogo sana. Burton aliandika jambo moja juu yao ambalo alilishangaa na ambalo mimi naliheshimu. Mpagazi alikuwa na ngozi ya mbuzi aliyoitupia begani kwa madaha kukiwa kukavu. Mvua ikinyesha aliivua, akaikunja, akaiweka kati ya bega na mzigo. Mwili ukalowa, ngozi ikabaki kavu ya kulalia usiku, na bega likapata mto. Mzungu aliona kichekesho. Mimi naona mtu aliyejua kwamba ngozi moja ina kazi tatu, na kwamba mahali pa kuiweka ni pale mwili unapoumizwa.

Hiyo ndiyo kanuni yote, na ukiishika hutapotea sokoni.

Belo la makoti linapofunguliwa, mchaguaji hodari haanzi na macho. Anaanza na kidole, kama anayechagua embe. Anabana ngozi ya koti kati ya gumba na shahada. Ngozi ya ng'ombe iliyokusudiwa pikipiki ina unene wa milimita moja na ziada kidogo. Hukataa kukunjika, na ukiiachia hurudi polepole. Ngozi ya kondoo huteleza laini vidoleni, inapendeza kwenda nayo harusini, lakini kwenye changarawe huchanika upesi. Kisha kuna reksini, adui wa kila siku, inayong'aa kuliko ngozi yenyewe. Geuza pindo uangalie kwa ndani. Ukikuta kitambaa kilichofumwa mgongoni mwa ile "ngozi", rudisha koti kwenye lundo bila kuuliza bei, maana ile ni plastiki, na plastiki ikisuguliwa na lami hupata moto ikakuyeyukia mwilini.

Baada ya kidole ndipo jicho lifanye kazi yake. Angalia mshono: mmoja ni wa mtindo, miwili au mitatu iliyolala sambamba ni ya kazi. Zipu iwe ya chuma. Angalia kiwiko, kwa kuwa makoti ya zamani ya wapanda pikipiki yalikatwa mkono ukiwa umepinda, na hata yakitundikwa kwenye henga mkono haunyooki. Watu huyaruka wakidhani yamekaa vibaya. Ukilikuta hilo, jitie hujali, uulize kwanza bei ya koti jingine.

Bado halijawa vazi. Koti la mtumba lilikatwa kwa mwili wa mtu mwingine, na hapa ndipo fundi anaingia. Fundi cherehani mwenye akili hakupimi ukiwa umesimama. "Panda kwanza, kaka," atakuambia, na utapanda pikipiki yako hapo barazani kwake, ushike usukani, uiname kama unayepambana na upepo. Ndipo utepe wa kupimia unapozunguka. Utashangaa. Koti lililokukaa vizuri wima sasa limepanda hadi kiunoni na kuacha mgongo wazi, na mikono imerudi nyuma karibu na kiwiko, vifundo vya mikono viko nje. Fundi anaongeza vidole vinne mgongoni, viwili mikononi. Ngozi ya kuongezea anaitoa kwenye mkoba mkuukuu au kwenye shingo ya buti lililokufa soli.

Kazi ya viwiko na mabega anaipeleka kwa fundi viatu, jirani yake, kwa kuwa cherehani ya nguo huvunja sindano kwenye ngozi mbili. Huyu anatoboa kwa msharasi, tundu moja moja, anapitisha uzi wa nailoni aliouvuta kwanza juu ya kipande cha nta. Mtazame anapoamua mshono ukae wapi. Hatauweka juu ya nundu ya kiwiko hata ukimwambia pangependeza, kwa sababu mtu akianguka hapo ndipo panaposugua chini, na uzi hukatika kabla ya ngozi. Atauzungusha ukae pembeni. Hakusomea popote viwango vya Ulaya vya nguo za pikipiki, ambavyo siku hizi vinapanga madaraja kuanzia AAA kushuka hadi C, na ambavyo navyo hupima mishono inavyopasuka na kitambaa kinavyosuguliwa. Amejifunza kwenye viatu vinavyorudi kwake vimefumuka. Mwombe akuachie mfuko kwa ndani, kiwikoni na begani, wa kutia kinga za kisasa zinazomeza pigo. Kinga hizo hazionekani kwa nje, hivyo hata mpenda mambo ya kale hana sababu ya kuzikataa.

Wengi watauliza: ngozi, kwa joto la Oktoba? Swali la haki. Mwezi wa kumi Tabora huchoma, na koti la ngozi huwa adhabu pikipiki inaposimama. Waingereza walikuwa na shida nyingine, ya mvua, wakaitatua kwa pamba iliyopakwa nta. Belstaff ilianzishwa Staffordshire 1924 kwa nguo za namna hiyo, na Barbour walitoa suti yao ya pikipiki 1936. Leo koti lao moja laweza kugharimu zaidi ya pikipiki yenyewe. Nami najiuliza kwa nini tuyatamani ya kwao, wakati nta ya Tabora imekuwa ikisafirishwa nje miaka yote, kutoka kwenye mizinga ya magome iliyotundikwa kwenye miombo ya Sikonge na Urambo, na mji huu una chuo kizima cha ufugaji nyuki.

Turubai zito la pamba linapatikana. Nta nayo ipo. Unaiyeyusha kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya jiko moja kwa moja, maana nta huyeyuka kwenye nyuzi 60 na kitu lakini ikizidiwa moto huwaka. Unaongeza mafuta kidogo ili isikauke ikapasuka. Unapaka kwa brashi, koti linageuka gumu na jeupe mabakamabaka, na mke wa fundi anasema nguo imeharibika. Kisha pasi ya mkaa, ile ya jogoo, inapitishwa juu ya gazeti kuukuu, na nta inazama ndani ya nyuzi mbele ya macho yako. Rangi inarudi, nyeusi zaidi kuliko mwanzo. Mwagia maji: yanakimbia kama yaliyofukuzwa. Koti hilo halifuliwi kwa sabuni, linafutwa kwa kitambaa na maji baridi. Kasoro zake ni mbili. Linapenda vumbi, na kwa kuteleza barabarani halifikii ngozi. Kwa hiyo tunarudi kwa mpagazi: turubai mwili mzima, ngozi viwikoni, mabegani na magotini.

Juu ya rangi sina subira. Tangu Marlon Brando avae koti jeusi kwenye filamu ya 1953, dunia nzima imeamini mpanda pikipiki ni mtu mweusi tii wa mavazi. Aende hivyo pori la Ugalla aone. Mbung'o, au ndorobo kama wengi tunavyowaita, huvutwa na vitu vinavyotembea na hupenda rangi ya buluu iliyoiva na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Koti jeusi kwenye pori la miombo ni mtego wenye mtu ndani. Shati jepesi hapitii kando, analitoboa. Kahawia, kaki, rangi ya vumbi lenyewe, ndizo rangi za njia hii, na bahati nzuri ndizo zilizokuwa za wapanda pikipiki wa zamani.

Lakini kaki haikuonekani jioni. Kirangozi, aliyetangulia mbele ya msafara, alivaa joho jekundu na manyoya kichwani ili mtu wa mwisho kwenye foleni amwone. Kijana wa bodaboda amevaa reflekta ya njano kwa sababu ileile, ingawa yake mara nyingi imefifia hadi taa ya lori haipati cha kurudisha. Mimi namwambia fundi ashone utepe wa kuakisi mwanga chini ya kola na kwenye pindo la mgongo.

Vyote viwe vya kale, isipokuwa kofia. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, yule wa vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki yake ya Brough Superior bila kofia, akafa siku 6 baadaye. Hugh Cairns, daktari mmoja kati ya waliomhudumia, akaanza kuchunguza vifo vya wapanda pikipiki wa jeshi, na matokeo yake yalichapishwa 1941. Jeshi la Uingereza likawalazimisha askari wake wa pikipiki kuvaa kofia. Kinachookoa ndani ya kofia ni povu gumu linalobonyea mara moja tu. Likishabonyea haliinuki, na kofia ya mtumba haikusimulii ilikotoka. Nunua mpya, na iwe ya kufunika kidevu hata kama za uso wazi ndizo zinazofanana na picha za babu. Kuhusu leso na kanga zinazoning'inia, nitasema moja: Isadora Duncan, mcheza dansi, alinyongwa na skafu yake iliyonasa kwenye gurudumu la gari huko Nice, 1927. Spoku za CG hazina adabu zaidi ya hapo.

Kuna wanaosema haya yote ni ulimbwende. Sikatai. Misafara ilipokaribia Tabora ilisimama kwanza, watu wakatoa nguo zao nzuri, ndipo wakaingia mjini kwa milio ya bunduki. Ninachosema ni kwamba ulimbwende una kazi. Nguo ya kinga ikiwa mbaya huachwa nyumbani siku ya joto, na siku hiyo ndiyo mtu anavaa kandambili na kuunguzwa shavu la mguu na ekzosi. Koti ulilolipenda, lililokatwa kwa mwili wako, unaloulizwa njiani ulishonewa wapi, hutoki bila hilo hata kwenda sokoni kununua nyanya. Kwa hesabu hiyo uzuri wake ni sehemu ya kinga, kama ngozi ya kiwikoni.

Buti hazisumbui, za jeshi zipo, chagua zinazofunika kifundo. Glovu ndizo zinazonishinda. Mabelo huleta za kuchezea theluji, nene kama mito, haziusikii mkono wa klachi. Za mafundi wa kuchomelea vyuma ni ngozi nzuri lakini zimekatwa kwa mikono ya jitu. Nimempelekea fundi viatu jozi moja azipunguze, aweke ngozi ya pili kwenye kiganja, mahali mtu anapojikinga akianguka. Amezipima, amezichora kwa chaki, amesema nizifuate Jumamosi. Hakusema Jumamosi ipi.