Tunachoma harufu, kisha tunainunua: maoni juu ya mafuta katika jiko letu

Watu wanapoandika juu ya chakula cha wazee wetu, wanataja bugali, sombe, samaki, nyama ya pori, na mafuta wanayapitia mbio. Wanayaona sawa maji na moto: kitu cha kusaidia kazi tu. Lakini kila mwenye kupika anajua kama si hivyo. Chukua sombe ile ile, chumvi ile ile, sufuria ile ile. Ukibadilisha mafuta, umebadilisha chakula chote. Mafuta ni kiungo, tena ni kiungo cha kwanza, kwa sababu njo yanayobeba vingine vyote.

Katika kurasa hizi tunataka kupima desturi mbili ambazo zimeingia katika nyumba zetu za muji. Ya kwanza ni kuchoma mawese mpaka rangi nyekundu iishe. Ya pili ni kununua katika magazini vichupa vya mafuta yaliyotiwa majani na harufu, na kuamini kama ufundi huo ni wa wageni. Mbele ya watu zinaonekana kama maendeleo. Sisi tunaona zinashikana mkono: ile ya kwanza inatupa harufu nje, na ile ya pili inatuuzia harufu ingine kwa bei kali.

1. Mafuta yanabeba

Tuanze na jambo ambalo wamama wanalijua kwa mikono, hata kama hawakulisoma. Harufu na ukali wa viungo vingi havikubali maji, vinakubali mafuta. Angalia pilipili. Ukali wake unayeyuka katika mafuta, katika maji hauyeyuki vizuri. Njo maana mtu aliyeungua mdomo akikimbilia kikombe cha maji hapati msaada, na njo maana pilipili iliyotwangwa na kutiwa mafuta inakuwa kali sawasawa katika sahani nzima. Ile pilipili ya mafuta unayoikuta kwenye meza ya kila malewa, pamoja na kitunguu, chumvi na wakati mwingine ayi, ni nini kama si mafuta yaliyotiwa harufu? Hakuna mtu aliyetufundisha kutoka ng’ambo.

Vilevile kitunguu. Mama anayepika maharagi anaweza kutupa kitunguu katika maji yanayochemka, na kitaiva. Lakini akikitia kwanza katika mafuta ya moto mdogo, akakiacha kilainike polepole, harufu yake inaingia katika mafuta, na mafuta yanaipeleka katika kila haragi. Puaro, seleri, tangawizi, nyanya, vyote vinapita njia hiyo. Hata ndakala wakavu wanaacha ladha yao katika mafuta mbele ya kuiachia mchuzi.

Tena mawese yenyewe hayaji matupu. Yana ladha ya tunda lake. Ku soko, mnunuzi mzoefu anafungua bidon, ananusa, anaweka tone kwenye ulimi, na ameshajua kama mafuta ni ya juzi ama ni ya zamani, kama maji yalikaushwa vizuri ama yalibaki ndani. Na katika mwambe hatutii hata mafuta: tunatwanga ngazi zilizochemshwa, tunakamua, tunapika ule uji wa tunda mpaka mafuta mekundu yapande juu yenyewe. Hapo mpishi anajua mchuzi umeiva. Jiko lenye kujua jambo kama hilo haliwezi kuitwa jiko lisilojua mafuta.

2. Sababu za wale wanaochoma

Sasa tuje kwa kuchoma. Mama anaweka mawese kwenye makala makali, anafunika, anangoja. Moshi unatoka, macho yanalia, watoto wanakohoa. Akifunua, mafuta yamekuwa ya manjano ya maji, karibu meupe. Anasema: «Sasa yameiva.»

Tusimcheke, maana ana sababu zake, na tutazitaja kwa haki. Kwanza, mawese mengi yanafika sokoni yakiwa na harufu nzito na yanakwaruza koo. Pili, mawese yanapaka rangi: wali unakuwa mwekundu, ndizi za kukaanga vilevile, na nguo ya meza inachafuka. Tatu, kuna haya. Katika nyumba nyingi za muji, mafuta mekundu yamehesabiwa kuwa ya kijiji, na mgeni wa heshima anapikiwa kwa mafuta meupe. Nne, watu wamesikia kwa munganga kama mawese si mazuri kwa moyo, na wanafikiri moto unaondoa ubaya.

Sababu ya kwanza ni ya kweli, lakini ugonjwa hauko pale inapotafutwa dawa. Koo linakwaruzwa kwa sababu ngazi zilikaa siku nyingi kisha kukatwa, ama zilipondeka, ama mafuta yalibaki na maji. Tunda la ngazi likipondeka linaanza kuharibu mafuta yake lenyewe, na kila siku ya kungoja inaongeza uchachu. Kijijini, wanaofanya kazi vizuri hawaachi mashada yaoze: wanatoa ngazi mara tu zinapolegea, wanazichemsha, wanatwanga ama wanapitisha katika malaksere, wanatenga mafuta na maji, kisha wanayarudisha kwenye moto mpaka yaache kulia. Mafuta ya namna hiyo hayana haja ya kuchomwa. Na mafuta yaliyokwisha kuchacha, kuyachoma hakuyafanyi kuwa mapya. Ni sawa kupaka rangi nyumba yenye ukuta uliooza. Tena muuzaji akijua kama sisi tutachoma tu, kwa nini ajisumbue kuleta mafuta mazuri? Kwa kuchoma, tunawafundisha wauzaji wetu uzembe.

Sababu ya nne nayo ina ukweli nusu. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayoganda. Tunaona wenyewe Bukavu asubuhi ya baridi: mawese yanasimama katika chupa kama siagi. Aina hiyo, ikizidi, haimfai mwenye ugonjwa wa moyo, na mtu aliyekatazwa na munganga afuate munganga. Lakini kuchoma hakuondoi mafuta yale yanayoganda. Kunaondoa kitu kingine kabisa.

Kitu hicho ni ile rangi yenyewe. Wekundu wa mawese unatokana na karotini, jamaa ya ile ya karoti, na mwili wetu unaigeuza kuwa vitamini A. Katika kilo moja ya mawese ambayo hayajasafishwa mnapatikana karibu miligramu 500 mpaka 700 za karotini na jamaa zake. Mtoto anayekosa vitamini A anaanza kutoona vizuri jua likizama, na akipatwa na surua anaumia zaidi kuliko wenzake. Moto mkali njo unaovunja karotini: mafuta yakigeuka meupe, ujue imekwenda. Na ule moshi unaochoma macho ni alama ya kwamba mafuta yenyewe yameanza kuvunjika.

Zaidi ya hapo, karotini iliyo katika majani ya sombe, lengalenga na matembele inaingia mwilini vizuri zaidi ikila pamoja na mafuta. Wazee waliotia mawese katika sombe hawakujua jina la vitamini. Walijua tu kama vitu hivi viwili vinapendana. Sisi tuliosoma jina hilo katika shule, njo sisi tunaochoma.

3. Mafuta meupe ni mtoto wa nani?

Inabaki sababu ya haya, ambayo kwetu njo kubwa kuliko zote. Mafuta meupe yanaonekana ya kizungu, ya muji, safi. Basi tuulize yanatoka wapi.

Mengi kati ya mafuta tunayoyaita vejetali, yale ya bidon za manjano zinazofika sokoni kutoka Malaysia na Indonesia, ni mafuta ya ngazi. Mti ni ule ule wetu. Miche 4 yenye asili ya Afrika ilipandwa katika bustani ya Bogor, katika kisiwa cha Java, mwaka 1848, na kutokana nayo yakazaliwa mashamba mengi ya Asia. Na wakati wa ukoloni, watafiti wa INEAC, shirika lililoanzishwa mwaka 1933 na kuwa na kituo chake kikubwa Yangambi, karibu na Kisangani, walichunguza kwa nini ngazi zingine zina koko nene na zingine hazina. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walichapisha jibu: mti wa koko nene ukioana na mti usio na koko, unazaa mti wa koko nyembamba na nyama nyingi, na nyama nyingi ni mafuta mengi. Mbegu za namna hiyo njo zilizojaza mashamba ya dunia, na uzao wa Yangambi uliingia katika mbegu za Asia pia.

Kwa hiyo mama anayeficha mawese na kumpikia mgeni kwa vejetali, mara nyingi amemficha mgeni mawese na kumpa mawese. Tofauti ni kwamba yale ya bidon yamepaushwa kwa udongo maalum na kupitishwa katika mvuke wa digrii zaidi ya 200, mpaka rangi na harufu vikatoka.

Kwa nini kiwanda kinafanya hivyo? Kwa sababu kinatengeneza vitu vingine. Lever alipopata mapatano yake na serikali ya Ubelgiji mwaka 1911 na kuanzisha Huileries du Congo Belge, alitafuta mafuta ya sabuni. Tusisahau na gharama yake: kazi ya lazima ya kukata ngazi ilikuwa kati ya machungu yaliyowafanya Wapende wa Kwango waasi mwaka 1931. Mwenye kutengeneza sabuni, margarini ama biskuti anataka mafuta bubu, yasiyosema kitu. Hiyo ni haki yake. Lakini jiko la nyumbani halina haja ya mafuta bubu. Tumechukua macho ya kiwanda na kuyatumia kutazama sahani yetu.

4. Vichupa vyenye majani

Mafuta yakishakuwa bubu, chakula kinakosa ladha, na lazima itafutwe kwingine. Njo hapo inaingia magi, na kwetu kila kipande cha namna hiyo kinaitwa magi, hata kiwe cha kampuni gani. Wa kipato kidogo anaongeza magi 2 ama 3, pamoja na chumvi yote iliyo ndani. Mwenye uwezo anakwenda magazini kununua kichupa cha mafuta ya zeituni yenye jani na ayi ndani, kama alivyoona katika televisheni. Hatukatai mafuta hayo. Watu wa Italia na Ufaransa wanayatumia kwa heshima, kwa sababu zeituni ni tunda la kwao, na hawalichomi mpaka lipoteze jina lake. Hilo njo fundisho lao kubwa, na njo tulilolikosa. Tulichoiga ni kichupa.

Wengine wameanza kuiga pa nyumba: wanajaza chupa mafuta, wanatumbukiza ayi mbichi na majani mabichi, wanaiweka juu ya kabati ipendeze. Hapa tunaomba watu wasikilize vizuri. Ayi, sawa vitu vingi vinavyotoka udongoni, inaweza kubeba mbegu ya kijidudu cha botulismi. Kijidudu hicho kinapenda mahali pasipo na hewa na pasipo na uchachu, na chini ya mafuta ni mahali pake kabisa. Sumu yake inalegeza mwili mpaka pumzi inashindwa, na mafuta hayabadiliki harufu ili mtu ashituke. Huko Vancouver, nchini Kanada, mwaka 1985, watu 36 waliugua kwa sababu ya ayi iliyokatwa na kuwekwa katika mafuta bila kukaa kwenye baridi. Katika miji yetu, ambamo umeme unakwenda na kurudi unavyotaka, tusijidanganye na frigo.

Tazama sasa namna ya wamama: wanatia kitunguu na ayi katika mafuta wakati wa kupika, chakula kinaliwa siku ile ile. Harufu imepatikana yote, hatari haikupewa nafasi. Pilipili ya mafuta nayo itengenezwe kidogo kidogo, ipikwe vizuri, iishe upesi. Mwenye kutaka kuweka mafuta yenye harufu kwa siku nyingi atie vitu vilivyokauka kabisa, kama pilipili kavu.

5. Tunavyoomba

Hatusemi kila chakula kipikwe kwa mawese. Mafuta ya karanga yana mahali pake, na vejetali inafaa kwa beinye. Tunasema kila mafuta yatumiwe kwa kile yanachojua kubeba.

Basi, tuyapashe mawese moto wa kiasi, kitunguu kiingie mbele ya moshi kutoka. Tuyatie kidogo, maana mafuta yenye ladha hayahitaji wingi: kijiko 1 cha mawese mazuri kinasema zaidi kuliko kopo la mafuta bubu. Ku soko tunuse, tuonje, na tukatae yaliyochacha. Muuzaji akirudi nayo mara mbili, mara ya tatu ataleta mazuri. Na mgeni wa heshima akija, tumpikie sombe nyekundu bila haya. Wenye kufundisha wasichana na wavulana kupika, katika masomo ama pa nyumba, waanze na somo hili la kunusa mafuta. Mtoto akijua kutofautisha mafuta mazima na yaliyochacha, hatakuwa na haja ya kuyachoma.