Mchezo wa Miungu Wengi: Ni Nani Anayeabudiwa?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu msomaji, wewe uliye Lamu, Mombasa, Tanga au Unguja, huenda ukastaajabu kuona mzee wa madrasa, aliyehamia huku bara kwenye vumbi la Dodoma, akikuandikia habari za mchezo wa kompyuta. Lakini mchezo huu umo nyumbani mwangu, na pengine umo nyumbani mwako pia, ila hujauona kwa kuwa mlango wa chumba cha kijana umerudishwa.

Kilichonisukuma kuandika ni neno moja la mjukuu wangu. Mwaka mmoja mvua zilichelewa. Nchi hii ya kati ina msimu mmoja tu wa mvua, baina ya Desemba na Aprili. Hatuna masika na vuli kama nyinyi wa pwani. Ukikosa msimu huo, umekosa mwaka. Tukatoka uwanjani, wazee kwa watoto, tukaswali swala ya kuomba mvua. Siku zikapita, mawingu yakija na kuondoka. Jioni moja nikamkuta mjukuu wangu, kijana wa miaka 13, mbele ya kompyuta. Shujaa wake alikuwa ameshikwa na maradhi. Akamwingiza hekaluni, akamgusisha madhabahu, na papo hapo maradhi yakaondoka na baraka ikaandikwa kwenye kioo. Akacheka, akaniambia, "Babu, huku hakuna kungoja."

Nilinyamaza. Sikuwa na jawabu usiku ule, na jawabu niliyoichelewesha ndiyo hii.

Si insafu kuhukumu kitu usichokijua, basi niliketi naye siku nyingi nikautazama mchezo wenyewe. Jina lake ni Skyrim, na ulitolewa mwaka 2011 na kampuni ya Bethesda ya Marekani. Michezo ya namna hii ina mzazi wao, nao ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa dadu na karatasi, walioutunga Gary Gygax na Dave Arneson, ukatoka mwaka 1974. Mchezaji huvaa nafsi ya mtu wa kubuni, akawa shujaa, mwizi, mchawi au kuhani, akaishi katika nchi isiyokuwako. Mwaka 1980 mchezo huo wa mezani ulitolewa kitabu kizima cha miungu. Humo wamepangwa miungu wa Wayunani, wa Misri ya kale, na hata wa Bara Hindi ambao mamilioni ya watu wangali wakiwaabudu. Kila mungu kaandikiwa hesabu ya uhai wake, yaani kipimo cha mapigo awezayo kuyastahimili kabla hajafa. Fikiri, msomaji: mungu mwenye hesabu ya kufa!

Katika Skyrim wako miungu tisa wa mahekalu. Mmoja wao, Talos, alikuwa binadamu kisha akafanywa mungu, na kumwabudu kumepigwa marufuku kwa mkataba uliomaliza vita. Kila mmoja ana madhabahu yake na faida yake. Ukigusa ya Arkay, unaongezewa uhai kwa 25. Ukigusa ya Zenithar, bei za sokoni zinakupendelea kwa asilimia 10. Baraka hukaa saa 8 za saa za mchezo, kisha hukatika, nawe waweza kwenda kwa mwingine kuchukua yake. Mbali na hao wako wakuu wa mashetani, waitwao Daedra, na kila mmoja ana haja yake na ujira wake. Mmoja wao, Boethiah, hutaka umdanganye rafiki anayekufuata, umfikishe kwenye nguzo ya kafara, umwue kwa mkono wako. Na ukimaliza kazi zake unapata deraya. Aliyemtumikia huyu leo, kesho humtumikia yule, na hakuna anayeona wivu.

Mtu asidhani nataka kusema kila anayeucheza amekufuru. Kusimulia kufuru si kukufuru, na itikadi mahali pake ni moyoni. Wazee wetu pwani wamesimulia hadithi za majini na mazimwi kizazi baada ya kizazi, na imani zao hazikupotea. Wala sikatai kwamba mchezo una uzuri wake: milima ya theluji, nyota za usiku, na vitabu vingi ambavyo mchezaji huvifungua na kuvisoma humo humo. Kasoro yangu ni juu ya ibada iliyomo, na naiona kuwa ni kasoro ya hadithi kwanza, kisha ni kasoro ya malezi.

Kasoro ya hadithi ni kwamba washirikina wa namna ile hawakupata kuwako. Qur'ani imetueleza katika Sura Az-Zumar kuwa washirikina walidai kwamba waliyaabudu masanamu ili yawakurubishe kwa Mwenyezi Mungu. Na katika Sura Al-Ankabut tunaambiwa kwamba walipokuwa chomboni baharini walimwomba Yeye peke yake, na walipofika nchi kavu wakarudia shirki yao. Walikuwa wapotevu, lakini upotevu wao ulikuwa na khofu ndani yake.

Na hapa petu pia. Wagogo wa zamani walilijua jina la Mulungu, lakini haja zao walizipitisha kwa wazee waliokufa, wakitambika makaburini, na mtemi ndiye aliyeshika mawe ya mvua. Ukienda kaskazini ukaipita Kondoa mjini, utafika Kolo, kwenye mapango yenye michoro ya kale, ambayo mwaka 2006 yaliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Katika pango la Mungomi wa Kolo wako wenyeji wangali wakienda kutambika kwa ajili ya mvua na wagonjwa. Na nchi ile, msomaji, ina Waislamu wengi na misikiti mingi!

Jambo hilo ni batili, wala sitafuti kulipamba. Lakini anayepeleka tambiko pangoni anajua kuwa yeye ni mhitaji. Huenda na khofu yake, huomba mvua ya kijiji kizima, na hurudi hajui kama atapewa. Sasa mtazame shujaa wa mchezo. Haombi, anachukua. Hanyimwi, hangoji, hasujudu. Kinabonyezwa kidude kimoja tu, basi. Madhabahu kwake ni bomba la maji, na miungu tisa ni maduka tisa. Akitaka nguvu huenda duka hili, akitaka bei nzuri huenda lile.

Basi ni nani anayeabudiwa humo? Si Arkay, wala Zenithar, wala Talos. Hao wote ni watumishi. Anayetumikiwa ni mmoja tu, naye ni mchezaji mwenyewe. Sura Al-Furqan imemtaja mtu aliyeyafanya matamanio yake kuwa mungu wake. Ukiondoa majina na mahekalu, utakuta kwamba miungu wengi wa mchezo huu ni nafsi moja iliyovikwa nguo nyingi. Hiyo ndiyo kasoro ya malezi. Siogopi kwamba mjukuu wangu atamsujudia Talos. Naogopa kwamba atazoea kuidhani ibada kuwa ni bei, na Mungu kuwa ni mwenye duka, kisha siku moja asimame juu ya msala, asipate alichokitaka, aone ameuziwa kitu kibovu.

Lakini tusimcheke kijana, ndugu yangu. Tujitazame sisi. Yuko anayevaa hirizi dukani ili wateja waje. Yuko anayejaza safu ya mbele usiku wa mtihani wa mwanawe, na matokeo yakishatoka msikiti haumwoni. Hawa wamegusa madhabahu gani? Na mimi mwenyewe nakiri mbele yako: baada ya ile swala ya mvua nilihesabu siku. Niliona haya kupita sokoni, kana kwamba mimi ndiye niliyeahidi na sikutimiza. Neno la mjukuu wangu lilinichoma kwa sababu lilikuta jeraha.

Siku chache baadaye nilimwita nikamwambia: "Mjukuu wangu, mtumwa haendi kwa Bwana wake kama anayekwenda kisimani na ndoo. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba dua ya Muislamu haipotei: hupewa alichokiomba, au huepushwa na shari mfano wake, au huwekewa akhera. Na ametukataza haraka ya kusema, nimeomba sikujibiwa. Huko kwenye kompyuta hakuna kungoja kwa sababu hakuna aliyeko." Akafikiri, akaniuliza, "Kwa hiyo, babu, kungoja nako ni ibada?" Nikamwambia ndiyo. Na nilijiambia mimi zaidi kuliko yeye.

Mvua ilikuja mwaka ule, kidogo na kwa kuchelewa. Mahindi yakakauka, uwele na mtama vikastahimili. Tukala uwele, tukashukuru.

Nawausia wazazi mambo matatu. La kwanza, someni alama iliyo juu ya mchezo: huu, wenyewe wameuandikia miaka 17 huko Marekani na 18 huko Ulaya, na sisi tunawapa watoto wa 13. Mimi pia nilikuwa katika hao, na sasa umefungiwa mpaka akue. La pili, keti na mwanao umuulize anachokiona. Ukimnyang'anya tu, ataucheza kwa jirani. La tatu, nalo ndilo kubwa, mtoto akuone ukiomba, akuone ukinyimwa, na akuone ukirudi kwenye msala ule ule. Somo la tawhidi linalopita hilo silijui.

Mwenyezi Mungu atusalimishe na shirki iliyo dhahiri na iliyojificha, na atujaalie tumwabudu Yeye, si tunachokitaka kwake. Amin.