Kosa Linalonyamaza na Kosa Linalopiga Kelele

Waandishi wa programu wamegawanyika kuhusu namna ya kutoa taarifa ya kosa. Kundi la kwanza husema sehemu ya programu ikishindwa kazi irudishe msimbo, yaani namba inayoeleza kilichotokea. Kundi la pili husema irushe eksepsheni: kazi ikatizwe papo hapo mpaka ipatikane sehemu nyingine iliyoandaliwa kulishughulikia kosa hilo. Lugha ya C iliwazoesha watu njia ya kwanza. Java, iliyotoka mwaka 1995, na Python zikaeneza ya pili. Katika insha hii nitazipima njia zote mbili kwa kazi tunayoijua vizuri huku Mulanda na mpakani Busia, nayo ni malipo ya simu.

Udhaifu wa msimbo ni ukimya wake. Mwandishi asipouangalia, programu huendelea kana kwamba mambo ni shwari. Tuchukue M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007. Programu ya duka ikiomba malipo kwa mteja, mfumo hurudisha 0 malipo yakifaulu, 1 salio lisipotosha, na 1032 mteja akikatisha mwenyewe. Mwandishi akisahau kuisoma namba hiyo, duka litatoa mzigo ambao haujalipiwa. Mwenye duka atagundua jioni akifunga hesabu, na mnunuzi keshavuka mpaka.

Je, eksepsheni ndiyo dawa? Si lazima. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliharibika kabla ya dakika moja kupita tangu iruke. Namba kubwa mno ilishindwa kuenea katika nafasi ya biti 16, eksepsheni ikarushwa, na hapakuwa na sehemu iliyoandaliwa kuipokea. Mfumo wa kuiongoza roketi ukajizima. Tena wako waandishi wanaoikamata eksepsheni na kuiacha hivyo hivyo, ili mradi programu isisimame. Hao wamerudi kwenye ukimya ule ule, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa maoni yangu, ubishi huu umewekwa vibaya. Salio kutotosha si ajabu. Ni jambo la kila siku sokoni, kwa hiyo lirudishwe kama jibu la kawaida. Eksepsheni ibaki kwa mambo yanayoizuia kabisa programu kuendelea, kama vile kumbukumbu kujaa. Na lugha yenyewe isimwachie mwandishi nafasi ya kulipuuza jibu kimyakimya. Rust, kwa mfano, humwonya.

Hata hivyo, pande zote mbili husahau hali ya tatu. Mtandao ukikatika baada ya ombi kutumwa, programu haijui kama pesa zimetoka au la. Mwandishi akiichukulia hali hiyo kuwa ni kushindwa na kurudia ombi, mteja anaweza kukatwa mara mbili. Kwa mama anayeuza samaki mpakani, huo ni mtaji wa siku nzima. Kinachohitajika ni kila malipo yawe na namba yake ya kumbukumbu, na programu iulize kwanza ombi la awali liliishia wapi. Msimbo au eksepsheni itamfaa mama huyo pale tu mwandishi atakapokuwa ameandaa jibu la "bado sijui".