Utafiti au Tafiti? Uhakiki wa Rasimu ya Istilahi za Vyuo Vikuu

Kwa miezi michache iliyopita imekuwapo mezani petu rasimu ya istilahi za utafiti, iliyotayarishwa na jopo la walimu wa chuo kikuu kimoja kwa ajili ya wanafunzi wanaoandika tasnifu zao kwa Kiswahili. Tuliombwa tuipitie kabla haijafikishwa kwenye kikao cha usanifishaji. Kazi yenyewe si haba, na waliojitwika mzigo huo wanastahili shukrani zetu. Makala haya hayakusudii kuwavunja moyo. Yanakusudia kueleza kwa nini, kwa maoni ya mwandishi, rasimu hiyo haifai kusanifishwa kama ilivyo, na kwamba kasoro yake kubwa imo katika wazo lililoizaa, yaani kwamba utafiti ni kitu kimoja, chenye hatua zile zile na vyombo vile vile, popote pale ufanyikapo.

Rasimu inaanza na "tatizo la utafiti"; inafuata "nadharia tete", kisha "walengwa", "sampuli", "ukusanyaji wa data", "uchanganuzi wa data", "matokeo" na "mapendekezo". Kila kidahizo kimepewa tafsiri moja na fasili moja. Mtu anayeisoma bila kujua mengine atadhani kuwa mwanahisabati, mwanahistoria na mganga wa malaria huketi katika chumba kimoja wakijaza fomu moja.

Tuanze na neno lenyewe. "Utafiti" halikuzaliwa na heshima liliyo nayo leo. Katika matumizi ya zamani kutafiti kulikuwa pia ni kudadisi mambo ya watu, na kuitwa mtafiti haikuwa sifa ya kujivunia. Lilipohitajika jina la kazi ya wanazuoni, maneno mengine yalikuwapo, lakini kila moja lilikuwa na mwenyewe: upelelezi ulikwisha kuchukuliwa na polisi, upekuzi na watu wa forodha, na uchunguzi ulikuwa ukigawanywa baina ya madaktari na tume za serikali. Utafiti ukapanda cheo. Mwaka 1968 sheria iliunda baraza la taifa la utafiti wa kisayansi, nalo likajulikana kwa jina la UTAFITI mpaka nafasi yake iliposhikwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Katikati ya muda huo, mwaka 1976, Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha jarida, nacho kikaliita Utafiti. (Kwamba makala nyingi ndani yake ziliandikwa kwa Kiingereza ni shauri jingine.) Hivyo kwa miaka kumi neno hilo moja lilikuwa kibao cha mlangoni kwa wanasayansi na jina la jaladani kwa wanahistoria na wahakiki wa fasihi, wala hatuna habari ya ugomvi wowote.

Jina la jumla, basi, linatutosha. Hata hivyo, lugha imekwisha kutushtua kidogo. Nomino za dhahania za aina hii kwa kawaida hazina wingi, lakini siku hizi wanafunzi na walimu wao huandika "tafiti mbalimbali" bila wasiwasi. Wapo wenzetu wanaolikemea jambo hili. Mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wao, ila sasa anaelekea kuamini kuwa waandishi hao wameona jambo ambalo rasimu haikuliona.

Kielelezo kilichofuatwa na rasimu, ingawa hakikutajwa, ni cha maabara na cha hojaji. Hatuna ugomvi na maabara. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kijana wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, alitia maziwa ya moto katika jokofu ili atengeneze aiskrimu, akaona yameganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Hakuaminiwa. Baadaye alimwuliza Denis Osborne, aliyekuwa mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne naye hakumcheka, akaagiza jambo lile lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Tangu hapo maji yamegandishwa katika maabara nyingi duniani, na wataalamu hawajakubaliana: wengine wamepata alichokipata Mpemba, wengine hawakukipata. Hapa istilahi za rasimu zinakaa vizuri mahali pake. Jaribio ni tendo ambalo mtu mwingine, mahali pengine, anaweza kulirudia kwa masharti yale yale, akakubali au akakana. Fasili ya rasimu inasema hivyo kwa maneno machache na safi, na tumeiacha bila kuigusa, ingawa tunajua kuwa mwanafunzi wa sekondari akisikia "jaribio" hufikiri mtihani wa Ijumaa.

Taabu inaanza mtafiti anapotoka nje ya mlango wa maabara. Kwa kazi ya nje rasimu imetoa "kazi ya uwanjani", na mwenzetu mmoja ofisini aliuliza kama watafiti hao hugawiwa na jezi. Kinachoonekana ni kwamba jopo lilikuwa na neno moja la Kiingereza mkononi, likalitafutia neno moja la Kiswahili. Lakini nje ya mtaalamu wa kilimo ni shamba, nalo ni shamba la majaribio, lililopimwa na kugawanywa matuta. Humo anaweza kufanya karibu yote anayoyafanya mwenzake wa maabara. Nje ya mwanaisimu ni kijiji na wazungumzaji wake, na wataalamu wa lugha wamekwisha kuzoea kusema "uwandani". Nje ya mwanaakiolojia ni mahali pa kufukuliwa.

Huyu wa mwisho anastahili maneno zaidi. Mwaka 1978 huko Laetoli, kusini ya Olduvai, kundi la Mary Leakey lilifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkeno, miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Baadaye nyayo hizo zilifukiwa tena ili zihifadhike. Mbegu za migunga zikaota humo humo, mizizi ikaanza kuziharibu, na katika miaka ya 1990 ikabidi mahali hapo pafunguliwe upya, miti iondolewe na nyayo zitengenezwe. Kwa mtafiti wa namna hii hakuna kurudia. Tabaka likishafukuliwa limeondoka. Hakuna mwingine atakayelifukua tena ili ahakikishe. Thamani ya kazi yake yote inategemea vipimo, michoro na picha alizozichukua siku ile, na uaminifu wake katika kuziandika. Rasimu inasema kwamba kazi yoyote isiyoweza kurudiwa "haina sifa ya utafiti". Kwa kanuni hiyo nyayo za Laetoli zimefukuzwa chuoni.

Mwanahistoria naye yuko katika hali ngumu zaidi kwa kuwa rasimu inamlazimisha "kukusanya data" kutoka kwa "walengwa". Mwaka 1968 Idara ya Historia ya chuo kikuu cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi vijijini wakasikilize masimulizi ya wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Miaka sitini na zaidi ilikuwa imepita. Wapo waliosimulia walivyoviona kwa macho ya utotoni, na wapo waliosimulia walivyopokea kwa wazazi wao. Je, mzee wa namna hiyo tumwite nani? Mlengwa hawezi kuwa, kwa maana hakuna aliyemlenga kwa dawa wala kwa mradi. Mhojiwa ni yule anayejibu maswali yaliyopangwa, akipenda kwa ndiyo na hapana. Mzee huyu ni msimulizi, na mwanahistoria anapokaa kupima maneno yake dhidi ya nyaraka za utawala wa Kijerumani, humfanya pia shahidi: huuliza alikuwa wapi, alimsikia nani, ana sababu gani ya kukuza au kuficha. Anachokipata ni ushahidi. Kukiita data kunaficha kazi yenyewe, kwa sababu data huhesabiwa, na ushahidi hupimwa. Mashahidi kumi walioambiana jambo moja wanaweza kuwa na uzito mdogo kuliko mmoja asiyewajua.

Kuhusu hisabati tutasema machache. Mwanahisabati hana mlengwa, hana sampuli na hana uwanja wa aina yoyote. Ana uthibitisho, nao ukikamilika umekamilika. Rasimu imelitumia neno hilo la "uthibitisho" kwa wanahisabati, wanasheria na wanakemia kwa pamoja, hali ya kuwa mahakama hutosheka na jambo lisiloachiwa shaka ya msingi, na mwanakemia ataridhika zaidi ukisema kwamba matokeo yake hayajakanushwa.

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno tu, na kwamba mtafiti hodari atafanya kazi yake kwa istilahi yoyote. Tungekubali, lau istilahi zingekaa katika vitabu. Hizi zinakaa katika fomu. Mwaka juzi mwanafunzi mmoja wa fasihi alituandikia barua kuomba neno sanifu. Pendekezo lake la utafiti lilikuwa limerudishwa kwa sababu halikuonyesha sampuli, walengwa wala hojaji. Yeye alitaka kuzisoma riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika ya mwaka 1971 na Nagona ya mwaka 1990, na kueleza ni nini kilichobadilika katika namna mwandishi huyo alivyomtazama binadamu. Ili apate idhini, ilimbidi aandike kwamba riwaya hizo ni "sampuli teule", kwamba "walengwa" wake ni wasomaji thelathini, na kwamba atawapa hojaji. Alitaka tumwambie kama sampuli teule ndilo neno sahihi. Barua yake ilituhuzunisha, na tulichelewa kuijibu.

Sampuli ni neno zuri. Anayenunua gunia la mchele huchota konzi moja, akaitazama, akaamini kwamba punje zilizobaki gunianı zinafanana na zile alizozishika. Imani hiyo ndiyo maana ya sampuli. Kezilahabi hakuandika Nagona ili iwe konzi ya riwaya za Kiswahili. Hata Rosa Mistika, iliyotoka katika kalamu ile ile, haiwezi kuisemea. Mhakiki huchagua kazi kwa sababu haifanani na nyingine. Kumtaka aiite sampuli ni kumtaka aseme uongo katika ukurasa wa kwanza wa tasnifu yake, na ajifunze kuwa ndivyo wasomi wafanyavyo. Na wale wasomaji thelathini? Muda alioutumia kuwafuatilia na kujumlisha majibu yao ungemtosha kuisoma Nagona mara tatu zaidi, kitabu ambacho wanaokijua watakubali kwamba kinahitaji kusomwa mara tatu zaidi.

Jopo litajibu kwa kanuni ambayo sote tumefundishwa: dhana moja, istilahi moja. Kanuni ni sahihi, nasi tunaitumia kila siku. Lakini inazungumzia dhana, haizungumzii neno la Kiingereza. Neno moja la kigeni linapobeba dhana tano, kanuni hiyo hiyo inatudai maneno matano. Na katika hili Kiswahili si maskini. Chukua kile ambacho rasimu inakiita "uchanganuzi" kila mahali. Kuchanganua ni kutenganisha vilivyochanganyika mpaka kila kimoja kijulikane. Mkemia ana haki nalo. Kuchambua ni kazi ya vidole: pamba hutolewa mbegu, mchicha hutolewa majani yaliyooza, kimoja kimoja, kwa macho, hiyo ndiyo kazi ya mtu aliye mbele ya matini. Kupembua ni kazi ya ungo, hurushwa na kudakwa mpaka makapi yaondoke, na wachumi walikwisha kujichukulia "upembuzi yakinifu" kwa ajili ya miradi yao. Kuhakiki kunadai zaidi, kwa kuwa mwenye kuhakiki hana budi kutoa hukumu. Wataalamu wa sensa wamepata dodoso kutoka kudodosa, yaani kuuliza kidogo kidogo mpaka mtu aseme. Maneno haya yalitofautisha kazi za mikono kabla ya vyuo vikuu kujengwa, na rasimu imeyafuta manne ili libaki moja.

Hatusemi kila idara ijifungie na msamiati wake. Yapo maneno ya wote, kama vile nadharia, chanzo, hitimisho, rejea, na haya yabaki na fasili moja. Hata "nadharia tete" ni neno lililopatikana kwa bahati njema, maana tete ni punje ambayo haijakomaa, na yeyote aliyewahi kuchungulia suke changa anaelewa kwamba linangojewa. Lakini lisilazimishwe kwa asiye nacho cha kungojea: mhariri wa mswada wa kale wa utenzi hana nadharia tete, ana nakala tatu zinazotofautiana na anatafuta iliyo karibu zaidi na mkono wa mtunzi.

Rasimu tumeirudisha kwa jopo pamoja na maombi mawili. La kwanza ni kwamba kando ya kila kidahizo iwekwe alama ya taaluma, kama kamusi zifanyavyo kwa maneno ya ubaharia na ya sheria, na fasili ziwe nyingi kadiri ya taaluma zinazotofautiana. La pili ni kwamba jopo, ambalo kwa sasa lina wataalamu wa elimu na wa takwimu peke yao, lipate mwanahistoria, mwanahisabati na mtu wa fasihi kabla ya kikao. Kidahizo cha "sampuli" tumekiwekea alama ya sayansi na ya takwimu. Upande wa fasihi tumeandika "kazi teule" kwa penseli, na mwanafunzi yule tumempelekea nakala.