Regyuleta Isiyokula Betri

Nilipounda kipimo cha maji kwa ajili ya simtanki ya nyumbani, hapa Dar es Salaam, nilihangaikia kila kitu isipokuwa chipu moja yenye miguu mitatu. Sensa niliitafuta Kariakoo duka hadi duka. Boksi nililijaribu kwa kulimwagia ndoo nzima ya maji. Regyuleta niliiokota kwenye kopo la vipuri: 1117, ile iliyojaa kwenye bodi za kila aina. Betri ilikuwa seli moja ya lithiamu, miliampia-saa 2000. Wiki mbili hazijatimia, kipimo kikanyamaza.

Redio ilikuwa imelala, sensa imelala, mikrokontrola imelala. Kila robo saa viliamka, vikatuma tarakimu, vikalala tena. Iliyokesha ni regyuleta. Chipu ile hula takribani miliampia 5 kwa ajili yake yenyewe, hata pale isipolisha chochote. Gawanya 2000 kwa 5, unapata saa 400, yaani siku 16 na ushei. Na hata hizo sikuzipata zote, kwa kuwa 1117 haitoi volti 3.3 mpaka ipewe zaidi ya 4.3, na seli ya lithiamu iliyojaa pomoni ina 4.2. Tangu dakika ya kwanza nilikuwa nikilisha saketi yangu volti pungufu.

Tangu siku ile naiheshimu kazi ya kuchagua regyuleta kuliko kazi ya kulehemu. Regyuleta za mstari zote hufanya jambo moja: husimama katikati ya njia ya mkondo kama mtu aliyeshika koki ya bomba, akifungua na kufunga ili volti ya upande wa pili isiyumbe. Zinapotofautiana ni kwenye transista iliyokaa hapo njiani. Katika 7805 ya zamani ni NPN, ambayo ili ifunguke inataka besi yake ipande juu ya volti inayotoka. Ndiyo maana inadai kama volti 2 za ziada. Katika zile mafundi tunazoziita LDO, transista imegeuzwa: ni PNP, au MOSFETI ya chaneli P, ambayo hufunguka kwa kuvutwa chini, na huko chini nafasi ipo tele. Wazo hili nalipenda mno. Aliyebanwa juu aligeukia chini, na dai la volti 2 likawa sehemu ndogo ya volti.

Mara ya pili nilichagua MCP1700. Karatasi yake ya kiwanda inasema hula mikroampia 1.6, na ikibebeshwa miliampia 250 hupoteza milivolti 178. Hiyo ni sawa na rezista ya omu 0.7 iliyokaa njiani. Redio yangu ikituma kwa nguvu zote huvuta miliampia 120, kwa hiyo upotevu ni kama milivolti 85, na volti 3.3 husimama imara hadi seli ishuke karibu na 3.4. Ikishuka zaidi, regyuleta hufungua koki yote na kuacha volti iifuate betri polepole. Mikrokontrola, kwa kuwa naiendesha kwa mwendo mdogo, huvumilia hadi chini ya 3. Hesabu hii ni ya dakika tano kwa kalamu, na ndiyo roho ya kazi nzima.

Regyuleta ya koili, ile isiyo ya mstari, nayo ina mahali pake. Ufanisi wa ile ya mstari ni volti inayotoka ukiigawa kwa inayoingia: kutoka 12 kuja 3.3 unabaki na asilimia 27 na nusu, na kilichosalia ni joto. Hapo LDO siitetei. Kutoka 3.7 ni asilimia 89, bila koili na bila kelele pembeni ya redio.

Kinachonivuta zaidi ni kapasita ya upande wa kutokea. Kule kugeuzwa kwa transista kuna gharama: LDO ni ngumu kutuliza. Inasahihisha, inapitiliza, inarudi, inapitiliza tena, na volti inaanza kutetemeka. Kapasita ndiyo huituliza, ila si kapasita yoyote. LDO nyingi za zamani zilitaka tantalamu, kwa sababu ule ukinzani mdogo uliomo ndani yake ndio dawa. Ukiweka ya kauri, ambayo ukinzani wake ni kama haupo na ambayo kwa macho ya mgeni ndiyo bora, chipu inapiga mawimbi. Fundi anaweza kubadilisha chipu tatu mfululizo kumbe ugonjwa uko kwa jirani yake. MCP1700 hutulia kwa kauri ya mikrofaradi 1. Kauri nayo ina tabia yake: ikitiwa volti, uwezo wake hupungua, hasa zile zenye umbo dogo sana. Kwa hiyo naweka ya 2.2, nayo haijanisumbua.

Fundi mwenzangu, ukienda dukani usiseme tu, "Nipe regyuleta ya 3.3." Utapewa 1117. Mtajie muuzaji namba kamili, na ukifika nyumbani, kabla hujaiunganisha na chochote, ilishe volti 4 ikiwa na kapasita zake tu, weka mita kwenye mikroampia, uone inakula kiasi gani.